Makomeo Mawili

Hawakuvunja kitu.
Waliunyanyua tu mlango wa kibarazani kutoka kwenye reli,
kioo kizima na fremu yake ya alumini,
wakauegemeza ukutani kwa adabu,
kama mtu anayefunua sufuria ya mwenzake
aone kilichopikwa.
Wakaondoka na mtungi wa gesi, redio ya mama,
na kiatu chake kimoja, cha kulia.
Hicho kiatu kilimuuma kuliko redio.
"Mwizi wa mguu mmoja," alisema. "Nitamjua tu sokoni."

Wahenga walituachia ufa na ukuta.
Hawakuacha neno juu ya upenyo wa milimita nane
kati ya mlango unaoteleza na kizingiti chake.
Hilo nililipeleka mwenyewe Mtaa wa Rufiji,
kwa Bi Zuwena, auzaye misumari kwa kilo
na ushauri bure.

Hili la bati, akasema, linang'aa leo,
masika ya kwanza litalia kutu;
hewa ya ziwa, mwanangu, inatafuna hata jina la kiwanda.
La shaba ni zuri, ila laini.
Hili la chuma cha pua, inchi nane:
kaa chini kwanza, ndipo uulize bei.
Nikakaa. Nikalipia mawili,
la juu na la chini.
Akanifuata hadi nje na skrubu ndefu kiganjani:
"Zile za kwenye pakiti ni za kutundikia picha."

Fundi Lushinge alikuja Jumamosi na drili ya kuazima.
La juu lilikaa upesi,
vumbi la alumini likamwagikia nywele zake, mvi za dakika moja.
La chini ndilo lililotukumbusha tunakoishi.
Kigae kikapita, zege likapita,
kisha drili ikapiga yowe, ikagoma.
Jiwe.
Jiwe lenyewe la Bwiru,
lile tulilolipandishia nyumba mgongoni bila hodi.
Biti ya kwanza ikakatika. Ya pili ikageuka buluu.
Ya tatu aliifuata Kirumba kwa bodaboda, kwa hela yangu,
nami nikabaki nimepiga magoti,
nikivuta tope tunduni kwa bomba la sindano.
Saa kumi na moja tukapata sentimita tatu.
Chuma kikashuka ndani ya jabali, kikasema *tok*.
Nikautikisa mlango kwa hasira yangu yote.
Ziwa lilitetemeka kwenye kioo.
Mlango, hapana.

Jumapili nikaenda zamu ya usiku, mwepesi kama niliyelipa deni.
Asubuhi nikamkuta mama ameketi nyuma ya kioo,
kanga mabegani, chai imetanda utando,
ungo wa mchele magotini,
akilitazama baraza lake la kuotea jua,
hatua moja tu.
La chini alikwisha kulifungua,
kwa kidole cha mguu, alinionyesha, kwa majivuno.
La juu lilimpita kiganja kimoja,
na kigoda hapandi, tulikubaliana, tangu alipoanguka.
Hakulalamika. Aliuliza:
"Hili la juu umemfungia nani?"

Sikuvua hata sare. Nilichukua bisibisi.
Matundu manne nikayaziba kwa sabuni;
bado yanaonekana, kama alama za chanjo.
Nikamsimamisha na mkongojo wake,
nikampima toka sakafuni hadi kiwiko,
hapo ndipo nikalifunga, tone la mafuta ya kula, likateleza.
Akalivuta, akalisukuma. Akalivuta, akalisukuma,
mpaka nikasinzia kwenye kiti.

Nilipoamka alikuwa kibarazani,
ameweka kile kiatu cha kushoto juu ya ukingo,
mahali pa kuonekana na kila mpita njia.
"Akirudi," alisema, "achukue na hiki.
Kimoja hakimsaidii."
Akaingia ndani, akakomea.